Miwaridi mifupi ya rangi ya damu ya mzee: mwongozo wa bustani ndogo ya nyumbani

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye kipande kidogo cha ardhi kando ya nyumba, pengine mita tatu kwa nne kati ya baraza na ukuta wa uzio, kinachogombewa na kamba ya kuanikia nguo, tangi la maji, tuta la sukuma wiki na watoto wenye mpira. Katika nafasi kama hiyo mwaridi unaofika kifuani ni usumbufu, kwa kuwa miiba yake hunasa nguo, matawi yake huziba njia, na maua yake huchanua juu ya macho ya mtoto ambaye ndiye angeyafurahia kuliko wote. Unaotakiwa ni mwaridi wa kimo cha goti au kuzidi kidogo, ulioshikana, wenye maua ya wekundu uliokolea kuelekea weusi, ile rangi tunayoiita damu ya mzee. Ninayoyaeleza nimeyafanya Arusha, kwenye miteremko ya kusini ya Mlima Meru, mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari. Anayeishi Lushoto, Iringa, Nairobi au Limuru atayatumia kwa mabadiliko machache, na wa Pwani nimemtengea maneno yake huko mbele. Katika maandishi haya mwaridi ni mmea, na waridi ni ua lake.

Kabla ya kushika jembe, yafaa kuelewa kwamba ufupi wa mwaridi ni wa kuzaliwa nao na mkasi hauwezi kuuleta, na kwamba rangi ya damu ya mzee huhifadhiwa na mahali ulipopandwa mmea kuliko mbolea yoyote utakayoununulia. Kwa hiyo aina na mahali ndivyo vinavyostahili muda wako mwingi. Mengine yote, hata yakikosewa, hurekebishika katika msimu mmoja.

Hatua ya kwanza: kuchagua aina

Miche yangu sita ya mwanzo niliinunua kando ya barabara. Muuzaji aliniambia, "Mama, hii haizidi magoti, wewe panda tu," na kweli siku ile ilikuwa haizidi magoti, kwa sababu ilikuwa na umri wa miezi michache. Mwaka ulipoisha ilikuwa inanifika mabegani. Baadaye nilikuja kutambua kwamba ilikuwa masalio ya shamba la maua ya kukatwa, na aina za mashamba hayo huchaguliwa kwa urefu wa kikonyo, kwa kuwa bei ya ua sokoni hupanda kadiri kikonyo kinavyorefuka. Nilijaribu kuirudisha chini kwa kuipogoa kila mwezi, nikapata vichaka vifupi visivyo na ua hata moja, maana kila tawi lilipokaribia kutoa tumba nililikata. Mwaridi hutoa ua kwenye ncha ya tawi jipya lililokomaa, na asiyeliacha tawi likomae hana haki ya kudai ua.

Aina zinazofaa hupatikana zaidi katika kundi liitwalo floribunda, ambalo hutoa maua kwa vishada, na katika kundi la miwaridi midogo ya kwenye chungu. Ukipata nafasi ya kuagiza kwa jina, au ukiwa na ndugu mwenye mche wa kukukatia vipandikizi, yako majina machache ya kukumbuka. Lavaglut, iliyotolewa na familia ya wakuzaji ya Kordes ya Ujerumani mwaka 1978, hufikia sentimeta 60 hivi na maua yake madogo yaliyofungamana hustahimili mvua na jua kuliko mengi ya rangi hiyo. Europeana, iliyotoka kwa de Ruiter wa Uholanzi mwaka 1963, ina vishada vikubwa na majani machanga ya rangi ya shaba, ingawa vishada vyake huwa vizito hadi kuinamisha matawi baada ya mvua. Kati ya mawaridi ya David Austin wa Uingereza, Darcey Bussell ya mwaka 2006 hubaki ndogo kwa wastani, wakati Munstead Wood ya mwaka 2007 ina rangi ya kuvutia sana na harufu nzito, lakini katika hali yetu isiyo na majira ya baridi kali hupita kiuno kwa urahisi.

Kuhusu harufu niseme mapema ili mtu asije akalaumu: Lavaglut na Europeana hazinukii kwa kiasi cha maana. Anayetafuta harufu ya halwaridi ajue kwamba marashi hayo hutokana na mawaridi ya rangi ya pinki hafifu, kama yale yanayovunwa kila mwaka katika milima ya Jabal Akhdar huko Oman, na hayo ni mmea wa namna nyingine kabisa.

Epuka Papa Meilland ikiwa nafasi yako ni ndogo. Ni waridi jeusi lenye sifa kubwa tangu lilipotolewa Ufaransa mwaka 1963, ila mmea wake ni mrefu, haushikani, na hushambuliwa sana na ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu mweupe. Epuka pia mawaridi ya kale ya Ulaya yanayochanua mara moja tu kwa mwaka, hata yakiwa na rangi uipendayo, kwani mengi husubiri baridi ya kipupwe cha kwao ndipo yatoe matumba, na hapa kwetu yatasubiri bila mwisho.

Mara nyingi, hata hivyo, mche utauziwa usio na jina. Basi upime kwa vidole. Weka vidole vyako kati ya jani moja na linalofuata kwenye tawi lililokomaa: ikiwa pengo linatoshea vidole viwili au vitatu, mmea una asili ya kushikana, na ikiwa kiganja kizima kinaingia, huo ni mrefu hata kama leo uko ndani ya kiriba. Angalia kama mashina matatu au zaidi yanatoka karibu na udongo, na kama mmea umewahi kuchanua ukiwa bado mdogo. La mwisho ni kuliona ua lenyewe. Nunua mche wenye ua lililo wazi, si wenye picha, kwa kuwa waridi jekundu la kawaida likiwa tumba huonekana jeusi na huweza kumdanganya hata mzoefu.

Hatua ya pili: kuchagua mahali

Mwaridi unahitaji jua lisilopungua saa sita kwa siku, na kwa mawaridi meusi ni muhimu kujua saa hizo ni zipi. Rangi ya damu ya mzee hunyonya joto jingi kuliko nyeupe au ya njano, hivyo petali zilizopigwa na jua la alasiri hupata joto kuliko hewa inayozizunguka. Mche wangu mmoja uliwahi kukaa mbele ya ukuta wa matofali unaotazama magharibi. Asubuhi ua lilikuwa kama mahameli. Ilipofika saa tisa, kingo za petali za nje zilikuwa zimekauka na kujikunja, nyeusi kama karatasi iliyopitishwa juu ya mshumaa, na ukizigusa zilivunjika. Niliuhamishia upande wa mashariki wa nyumba, ambako kivuli huingia kuanzia saa nane, na maua ya mmea uleule yakadumu na rangi yake kwa siku sita au saba.

Sababu nyingine iko katika ua lenyewe. Wekundu wa waridi hutokana hasa na sianidini, rangi ya asili ambayo mmea huitengeneza kwa wingi zaidi usiku unapokuwa wa baridi, ndiyo maana maua ya Juni na Julai hapa Arusha huwa meusi kuliko ya Februari kwenye mche huohuo. Wapo wanaofukia misumari yenye kutu, na wapo wanaomwaga majani ya chai. Mimi nimevifanya vyote viwili na sikuona tofauti yoyote katika rangi.

Kabla ya kuamua, simama mahali hapo saa tatu asubuhi, saa sita na saa tisa, ukaone kivuli kinapita wapi. Kaa mbali na mti mkubwa, hasa mgrevilea na mparachichi, ambayo mizizi yake itakunywa maji yote utakayoyamwaga. Usiweke miche katika pembe ya kuta mbili ambako hewa haisogei, kwani majani yaliyolowa hayatakauka haraka. Mwisho, chimba shimo la kina cha goti, lijaze maji, yaache yaishe, ulijaze tena. Yakiwa yamebaki hadi jioni, mahali hapo panatuamisha maji na miche lazima ipandwe juu ya tuta lililoinuliwa.

Hatua ya tatu: udongo na maji

Mwaridi hupenda udongo wenye uchachu kidogo, pH ya 6 hadi 6.5 (pH ni kipimo cha uchachu: ikipanda, uchachu hupungua). Udongo wa volkano wa miteremko ya Meru una rutuba na hupitisha maji vizuri, lakini maji ya visima vingi vya ukanda huu yana floraidi nyingi na magadi, na magadi hupandisha pH polepole kila unapomwagilia. Dalili yake huonekana kwenye majani machanga: huwa ya njano huku mishipa ikibaki ya kijani, kwa sababu chuma kilichomo udongoni hakinyonyeki tena. Wengi wakiiona njano hiyo huongeza mbolea, na hali huzidi. Dawa yake ni mboji kwa wingi na maji ya mvua kila yanapopatikana, kwa hiyo pipa moja chini ya mfereji wa bati lina thamani kuliko mfuko wa mbolea. Kwa sababu iyo hiyo usimwage majivu ya jikoni kwenye shina la mwaridi. Majivu yana kazi nzuri kwingine bustanini, lakini hapa yanafanya kazi ileile ya magadi.

Chimba mashimo ya sentimeta 45 kila upande na kwenda chini. Tenga udongo wa juu, uchanganye na debe moja la samadi ya ng'ombe iliyooza hadi ikapoteza harufu na konzi mbili za mchanga kama udongo wako ni mfinyanzi. Samadi ya kuku isiyokaa miezi kadhaa huunguza mizizi. Unga wa mifupa ni mzuri kwa mizizi michanga, ila nitaje kwamba mbwa wa jirani alifukua miche yangu miwili usiku wa kwanza, na tangu hapo nimeuacha.

Hatua ya nne: kupanda

Panda mwanzoni mwa vuli, Oktoba au Novemba, au mwishoni mwa Mei mvua kubwa za masika zinapopungua. Kati ya mche na mche acha sentimeta 50, na kati ya mche na ukuta acha 60.

Mwagilia kiriba saa moja kabla, kipasue kwa wembe ubavuni badala ya kuuvuta mche kwa shina, kisha uweke katikati ya shimo. Ukiwa mche uliobebeshwa, yaani uliounganishwa juu ya mizizi ya mwaridi mwingine, utaona kifundo kilichovimba chini ya matawi, pale aina yako ilipounganishwa na shina la chini, ambalo kwa miche mingi inayotoka mashamba ya Afrika Mashariki ni la mwaridi uitwao Natal Briar. Kifundo hicho kibaki juu ya udongo kwa upana wa vidole viwili. Rudishia udongo, shindilia kwa mikono na si kwa kisigino, tengeneza kisahani kuzunguka shina na umimine ndoo ya lita kumi taratibu.

Chipukizi lolote litakaloota chini ya kifundo ni la mmea wa chini, na likiachwa litaumeza mwaridi wako mzima. Hutambulikana kwa majani ya kijani kibichi hafifu na ukuaji wa haraka usio na aibu. Fukua udongo hadi linapoanzia uling'oe kwa mkono kwa kulivuta kuelekea chini, kwa sababu ukilikata kwa mkasi juu ya udongo litarudi likiwa matatu.

Hatua ya tano: kumwagilia na kulisha

Wakati wa kiangazi mmea mmoja uliokomaa unatosheka na lita kumi mara mbili kwa wiki, na maji yaende chini kabisa. Kunyunyiza kidogo kila jioni huleta mizizi ya juu juu na majani yanayolala yakiwa yamelowa, ambayo yote mawili ni hasara. Mwagilia asubuhi, kwenye shina. Tandaza nyasi kavu au maganda ya kahawa kwa unene wa sentimeta 5, ukiacha nafasi ya kiganja kuzunguka shina ili lisioze, na kama eneo lako lina mchwa, kagua chini ya matandazo kila wiki.

Kuhusu mbolea, kijiko kimoja cha mezani cha NPK 17:17:17 kwa kila mmea, kila baada ya wiki sita wakati wa ukuaji, kikizungushwa mbali na shina na kufuatiwa na maji, kinatosha, pamoja na nusu ndoo ya samadi kila Agosti. Sishauri mbolea za naitrojeni kama CAN au yurea kwa miwaridi mifupi. Naitrojeni nyingi huutoa mmea katika umbo lake: matawi hurefuka, huwa laini, huinama, na vidukari huyajia ndani ya siku chache.

Hatua ya sita: kupogoa

Hapa ndipo watu wengi huogopa, na ndipo vitabu vya Ulaya hutupotosha zaidi. Huko mwaridi hulala miezi kadhaa kwa baridi, ukiwa umeweka akiba ya chakula mizizini, na mkulima hukata karibu na udongo akijua kwamba utaamka na nguvu mpya. Wetu haulali. Akiba yake iko katika majani na mashina, hivyo ukiukata hadi kwenye vifundo vya miguu unaupokonya chakula, na mwaridi mfupi huweza kukaa mwaka mzima ukijikongoja. Kwa hiyo kata theluthi moja ya kimo, isizidi nusu, na usiishushe floribunda chini ya sentimeta 30.

Mapumziko unaweza kuyatengeneza mwenyewe. Katikati ya Julai, kunapokuwa na baridi na ukavu, punguza maji kwa wiki mbili hadi tatu na uache maua ya mwisho yanyauke kwenye mti bila kuyakata. Mmea utapunguza mwendo. Wiki ya kwanza ya Agosti chukua mkasi wa kupogolea uliochongwa vizuri, ufute kwa spiriti, na ufanye kazi kwa mpangilio huu. Ondoa kwanza matawi yaliyokufa, ambayo ndani ni ya kahawia badala ya kuwa meupe. Ondoa matawi yote membamba kuliko penseli. Ondoa yanayopita katikati na kusuguana, ili mtu akitazama kutoka juu aone kitu kama bakuli lililo wazi. Katika yaliyobaki chagua matano au sita yenye nguvu, na hayo ndiyo uyapunguze.

Mahali pa kukatia hupaswa kutafutwa kwa macho. Kwenye kwapa la kila jani kuna jicho, nundu nyekundu isiyozidi punje ya mtama, na tawi jipya litaelekea upande ule jicho linakotazama. Tafuta jicho linalotazama nje, kata nusu sentimeta juu yake, kwa mshazari unaoteremkia upande wa pili ili tone la mvua lisikae juu ya jicho. Ukikata karibu mno jicho hukauka, na ukiacha kisiki kirefu kitaoza na kuozea chini. Kazi hii kwa miche sita hunichukua asubuhi moja, na sijawahi kujuta kwa kuifanya polepole.

Kuanzia kukata hadi ua kufunguka, hapa kwetu ni takriban wiki saba, hupungua hadi sita katika miezi ya joto na kufika nane katika baridi. Hesabu hii ina manufaa yake. Anayetaka maua ya Krismasi akate wiki ya kwanza ya Novemba, na mwenye harusi nyumbani arudi nyuma wiki saba kutoka siku ya shughuli. Mashamba makubwa ya maua ya Kenya na Tanzania hupanga mavuno ya Februari, ya Siku ya Wapendanao, kwa hesabu ya namna hiyohiyo.

Katika mwaka mzima, kata maua yaliyonyauka. Fuata kikonyo kushuka hadi jani la kwanza lenye vijani vitano, kwa kuwa yale ya juu yenye vitatu huwa na macho dhaifu, na ukate juu yake. Na kuna siri ndogo ya floribunda: katika kila kishada tumba la katikati huwa kubwa na hutangulia kuchanua, kisha hunyauka na kuacha doa la kahawia katikati ya mengine yanayofunguka. Likiwa bado na ukubwa wa punje ya njegere, libane kwa kucha na kulitoa. Mengine yatafunguka kwa pamoja, na kishada kitaonekana kama ua moja kubwa.

Hatua ya saba: magonjwa na wadudu

Madoa meusi ni adui wa masika. Huanza majani ya chini, doa la mviringo lenye kingo zilizochanikachanika, kisha jani hugeuka njano na kuanguka. Mbegu za ukungu huo huhitaji jani lililolowa kwa saa saba hivi ili kuota, na ndiyo sababu tumesisitiza maji ya asubuhi na hewa inayopita. Okota majani yaliyoanguka na uyachome au uyafukie mbali, usiyatie kwenye mboji. Ubwiri unga, ule unaoonekana kama unga wa ngano kwenye majani machanga na shingo za matumba, huja katika miezi ya usiku wa baridi na mchana mkavu, na hauhitaji jani kulowa. Salfa huuzuia ikinyunyizwa mapema asubuhi, si katika jua kali, kwa kuwa huunguza majani. Ukilazimika kutumia mankozebu, dawa ya ukungu, kwa madoa meusi, fuata kipimo cha kwenye pakiti, vaa glovu na barakoa, na uwaweke watoto ndani hadi majani yakauke.

Vidukari hukusanyika kwenye ncha laini. Kwa bustani ya miche sita sinunui dawa: navitoa kwa maji ya mpira yenye nguvu siku tatu mfululizo, na vikikaidi natumia kijiko cha chai cha sabuni ya maji katika lita moja, nikisuuza baadaye. Ukiona mbawakavu wadogo wa mviringo, wekundu wenye vidoa vyeusi, waache, wanavila. Utitiri mwekundu huja Januari na Februari, hasa karibu na ukuta wenye vumbi. Huwezi kuuona vizuri kwa macho, lakini majani hupauka kwa vitone vyeupe na chini yake huwa na utando mwembamba. Unachukia unyevu, hivyo osha upande wa chini wa majani asubuhi kwa maji matupu. Mafuta ya mwarobaini husaidia kwa vyote viwili yakipuliziwa jioni.

Hatua ya nane: kuzidisha miche

Chukua tawi lililomaliza kuchanua karibuni, nene kama penseli, ukate kipande cha sentimeta 15 chenye macho manne. Ondoa majani yote isipokuwa mawili ya juu, zamisha macho mawili katika kiriba chenye mchanga na mboji nusu kwa nusu, kifunike kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako na ukiweke kivulini. Mizizi hutoka kati ya wiki nne na nane. Usikivute kukijaribu, kwani mizizi ya mwanzo hukatika kama uzi. Tumba la kwanza litoe, hata kama moyo unauma. Miche ya namna hii haina mmea wa chini, kwa hiyo hubaki mifupi kidogo kuliko iliyobebeshwa, jambo ambalo kwetu ni faida. Aina mpya zenye hakimiliki ya wakuzaji usizizidishe kwa ajili ya kuuza, kwa kuwa Kenya tangu 1999 na Tanzania tangu 2015 ni wanachama wa UPOV, mkataba wa kimataifa unaolinda haki hizo.

Kwa wakazi wa Pwani

Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja, usiku hauna baridi ya kutosha, kwa hiyo maua yatakuwa madogo, yenye petali chache, na wekundu wake utakuwa wa kung'aa kuliko wa kuiva. Hilo halikwepeki. Linalowezekana ni kupanda aina ndogo katika chungu cha udongo chenye kina cha sentimeta 30 au zaidi, kwani cha plastiki nyeusi hupika mizizi, na kukiweka penye jua la asubuhi hadi saa tano, nyuma ya kitu kinachozuia upepo wa chumvi. Chungu hukauka upesi, hivyo maji ni kila siku wakati wa kaskazi.

Kuvuna kwa ajili ya ndani

Kata kabla ya saa moja na nusu asubuhi, wakati vijani vitano vya kijani vinavyolifunika tumba vimeshajikunja kuelekea chini na petali ya kwanza imeanza kuachia. Likikatwa kabla ya hapo litainamisha shingo bila kufunguka, na likiachwa siku mbili zaidi rangi yake itaanza kuelekea zambarau, kwa sababu utomvu wa petali hupoteza uchachu kadiri ua linavyozeeka. Kwa kuwa vikonyo vya miwaridi hii ni vifupi, chombo kirefu hakina kazi. Bilauri ya chai inatosha, maji yafike nusu, majani ya chini yote yawe yameondolewa, na maji yabadilishwe kila asubuhi huku ukikata tena nusu sentimeta ya kikonyo.